Barabara ndiyo inayokuchagulia baiskeli: historia fupi kutoka vilima vya Ngara

Tuseme uko Murukulazo, wilayani Ngara, na umeshaamua: mwezi ujao unatoka kwa baiskeli mpaka Mwanza. Siyo mashindano, wala siyo ile ya kwenda gulioni na kurudi. Ni safari ya siku kadhaa, nguo, chakula na mpira wa akiba vimefungwa kwenye keria. Utatokea kwenye barabara ya Rusumo–Lusahunga, upite Nyakahura, ukate kwenda Biharamulo, Chato na Geita, halafu uvuke maji kwenye daraja la Kigongo–Busisi. Kila utakayemweleza atakuuliza kitu kimoja: utaenda na baiskeli gani?

Ukiingia intaneti majibu yapo mengi, na karibu yote yametoka Ulaya na Marekani: fremu ya aina hii, gia za kampuni ile, bei ya kurusha roho. Ukimuuliza mzee wa jirani, jibu lake ni neno moja: Phoenix. Unaweza kudhani mmoja kati yao amepitwa na wakati, au mwingine anatupa hela. Mimi nasoma historia ya teknolojia, na ninachotaka kukuonyesha ni kwamba wote wawili wamejibu swali lilelile, ila kila mmoja amelijibu kwa barabara anayoijua. Baiskeli ya safari ndefu ni ile ambayo njia yako yote inaifahamu: vilima vyake, mvua yake, na zaidi ya yote mafundi wake. Historia inatueleza jinsi njia za huku kwetu zilivyofikia kuifahamu baiskeli ya aina moja kuliko nyingine.

Kabla ya keria kulikuwa na bega

Karne ya 19, mizigo ya bara ilisafiri juu ya mabega na vichwa vya watu. Misafara kati ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji iliendeshwa na wapagazi, na mzigo wa kawaida wa mtu mmoja ulikuwa kilo 25 hadi 30 hivi. Mkokoteni wa ng'ombe haukufaa sehemu nyingi: ndorobo waliua wanyama, na njia zenyewe zilikuwa nyembamba, za mtu mmoja nyuma ya mwenzake.

Sasa angalia baiskeli ilivyokuja kuingia hapo. Mwaka 1885, John Kemp Starley wa Coventry, Uingereza, alitoa baiskeli aliyoiita Rover: magurudumu mawili yanayokaribiana ukubwa, na cheni inayozungusha gurudumu la nyuma. Kabla yake watu walipanda ile yenye gurudumu kubwa mbele na dogo nyuma, ambayo ukianguka unaangukia kichwa. Mwingereza Thomas Stevens aliizungukia dunia kwa baiskeli ya namna hiyo kati ya 1884 na 1886, kwa hiyo inawezekana, ila sikushauri. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyekuwa Belfast, akatengeneza tairi la kujazwa upepo. Ukiunganisha hivyo viwili unapata baiskeli unayoijua leo. Mambo mengine mengi yaliyofuata ni marekebisho tu.

Gari linahitaji barabara. Baiskeli inahitaji upana wa mguu wa mtu tu. Ile njia nyembamba ambayo nyayo za wapagazi ziliichonga kwa miaka mingi ilikuwa tayari ni njia ya baiskeli, haikuhitaji kusubiri greda.

Na kwa upande wa nguvu, tofauti ni kubwa. Unapotembea, kila hatua unainua mwili wako kidogo na kuushusha, na nguvu hiyo hairudi. Kwenye baiskeli uzito umekaa juu ya magurudumu, misuli inasukuma tu. Machi 1973, S. S. Wilson wa Chuo Kikuu cha Oxford aliandika katika jarida la Scientific American akilinganisha wanyama, magari, ndege na binadamu kwa nishati wanayotumia kusafirisha kila gramu ya uzito kwa kila kilomita. Mtu juu ya baiskeli aliongoza. Alitumia takriban sehemu moja ya tano ya nishati ya mtu anayetembea.

Muundo mmoja, majina mengi

Wakati wa ukoloni wa Mwingereza, baiskeli iliyotawala soko la Afrika Mashariki ilitoka Nottingham: Raleigh. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kampuni hiyo ilikuwa inatengeneza karibu baiskeli milioni moja kwa mwaka, na nyingi zilikwenda nje ya Uingereza. Ile iliyofika huku ilikuwa ya aina moja: fremu ya chuma, magurudumu makubwa, breki zinazovutwa kwa vyuma badala ya waya, boksi la cheni, keria nzito nyuma.

Ukiitazama kwa jicho la leo unaweza kusema ni zito na la kizamani. Lakini angalia undani wake. Foku yake imelala kuelekea mbele kuliko ya baiskeli za mbio, na umbali kati ya gurudumu la mbele na la nyuma ni mrefu. Umbo hilo linaifanya itulie: ukigonga jiwe usukani haukurukii, na mzigo wa nyuma hauinui gurudumu la mbele. Gurudumu kubwa linapita juu ya shimo dogo bila kuzama. Hata spoku zilipangwa kwa akili: muundo wa Kiingereza uliweka 32 mbele na 40 nyuma, kwa sababu nyuma ndiko uzito ulipo. Barabara za Uingereza zilizozaa muundo huo, mwishoni mwa karne ya 19, hazikuwa na lami. Zilikuwa za mawe na vumbi, ndugu za karibu za barabara zetu za changarawe.

Kisha Dola ya Mwingereza ikavunjika, lakini muundo ukabaki. India ilipopata uhuru ilijenga viwanda vyake: Atlas ilianza mwaka 1951, na Hero ikaanza kutengeneza baiskeli Ludhiana mwaka 1956. Miaka 30 baadaye, 1986, Hero iliingia kwenye kitabu cha Guinness kama mtengenezaji mkubwa kuliko wote duniani. Uchina nayo ilitoa Flying Pigeon mwaka 1950 kutoka Tianjin, kwa kuiga Raleigh ya miaka ya 1930, kisha Phoenix kutoka Shanghai. Kiuhandisi, hizo zote ni watoto wa mama mmoja.

Hapa Tanzania siasa ilisaidia. Reli ya TAZARA ilipojengwa, kati ya 1970 na 1975, gharama za ndani zililipwa kwa utaratibu wa kuuza bidhaa za Kichina madukani Tanzania na Zambia: serikali ilipokea bidhaa kwa mkopo, ikaziuza, na fedha hizo zikalipia kazi ya reli. Katika miongo hiyo jina la Phoenix likazoeleka, na Raleigh ikaanza kuwa kumbukumbu ya wazee. Serikali ikawa pia na shirika lake la umma la baiskeli, National Bicycle Company.

Matokeo yake ndiyo hoja yangu. Himaya moja, mataifa mawili makubwa ya Asia na sera ya ujamaa, kila mmoja kwa sababu zake, walijaza vijiji vyetu kwa baiskeli ya muundo mmoja. Spoku ya Hero inafaa kwenye Phoenix. Tairi la Atlas linaingia kwenye ringi ya Raleigh. Fundi aliyejifunza moja amejifunza zote, na akiwa na spana tatu, nyundo, kiraka na solusheni, ana karakana kamili chini ya mwembe. Hakuna waziri aliyekaa akapanga mtandao huo wa mafundi. Ulikua wenyewe kwa sababu vipuri vilifanana.

Hesabu ya kupanda

Sasa twende Ngara kwenyewe. Mto Kagera kwenye maporomoko ya Rusumo uko yapata mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na vilima vya wilaya vinapita mita 1,500. Yaani unashuka bondeni, unapanda, unashuka tena. Hapa Phoenix inakutana na fizikia.

Chukua mtu wa kilo 60, baiskeli ya kilo 20, mzigo wa kilo 40. Jumla kilo 120. Barabara inapanda mita 6 kwa kila mita 100. Nguvu ya kuizuia baiskeli isirudi nyuma ni uzito huo mara mvutano wa dunia mara mwinuko: 120 × 9.8 × 0.06, yaani niutoni 70 hivi. Hapo sijaweka msuguano wa changarawe.

Kama gia ya mbele ina meno 48 na ya nyuma 20, mzunguko mmoja wa pedali unazungusha gurudumu mara 2.4. Gurudumu kubwa la Phoenix likizunguka mara moja linakwenda mita 2.2 na kidogo, kwa hiyo kila mzunguko wa pedali unakupeleka mita 5.4. Ili kufanya hivyo mlimani unatakiwa kukanyaga kwa wastani wa nguvu sawa na uzito wa kilo 36, mfululizo, bila kupumzika. Hata ukienda taratibu, mizunguko 40 kwa dakika, unahitaji takriban wati 250. Mtu mwenye afya ambaye si mwanariadha anaweza kudumu saa nzima na wati 100 mpaka 150. Ndiyo maana mlimani watu hushuka na kukokota. Tusiseme ni uvivu, hesabu yenyewe haikubali.

Baiskeli yenye gia ndogo mbele, tuseme meno 22, na kubwa nyuma, meno 34, inabadilisha habari. Kwa gurudumu la inchi 26, mzunguko mmoja wa pedali unakusogeza mita 1.3 tu. Nguvu ya mguu inashuka mpaka kama kilo 9, na ukizungusha mara 60 kwa dakika unatumia wati 95 hivi. Utakwenda chini ya kilomita 5 kwa saa, mtoto anayetoka shule atakupita, lakini utafika juu ukiwa umekaa kwenye siti na magoti yako yakiwa mazima kesho yake.

Kuna watu walioona gia kama aibu. Henri Desgrange, mwanzilishi wa Tour de France, aliamini mwanamume wa kweli hashindi kwa msaada wa mashine, na kifaa cha kuhamisha cheni hakikuruhusiwa kwenye mashindano hayo mpaka 1937. Wakati huohuo watalii wa baiskeli wa Ufaransa walikuwa wanapanda milima kwa gia tangu mwanzo wa karne, wakiongozwa na Paul de Vivie wa Saint-Étienne, aliyejulikana kama Vélocio. Ukisikia mtu anasema gia ni za wadhaifu, ujue hoja hiyo ina zaidi ya miaka 100 na ilishashindwa.

Ila kukokota nako ni teknolojia, tusikudharau. Mwaka 1954, kwenye vita ya Dien Bien Phu, Wavietnamu walitumia takriban baiskeli 20,000 kubeba chakula na risasi milimani. Hawakuzipanda. Walifunga mti wa mwanzi kwenye usukani ili msukumaji atembee kando huku akiuongoza, wakabebesha kila moja kilo 200 na zaidi. Ukiona mtu Ngara anakokota baiskeli yenye mikungu ya ndizi pande zote mbili, au magunia ya mkaa yaliyomzidi kimo, unaona kanuni ileile: magurudumu yabebe, mtu asukume. Linganisha na zile kilo 30 za mpagazi.

Hesabu ya kushuka

Watu wanaochagua baiskeli hufikiria sana kupanda. Mimi ningeogopa zaidi kushuka.

Chukua zile kilo 120 zetu zikishuka kimo cha mita 200. Nishati iliyokuwa imehifadhiwa ni 120 × 9.8 × 200, yaani jouli 235,000 hivi. Ukishuka polepole kwa kushika breki, sehemu kubwa ya nishati hiyo inageuka joto kwenye breki na ringi. Ni kiasi cha kutosha kuchemsha maji ya vikombe viwili na nusu kutoka nyuzi 20 mpaka 100. Ndiyo maana ukigusa ringi baada ya mteremko mrefu unaungua.

Breki za vyuma za Phoenix hukandamiza mpira kwenye ringi ya chuma iliyopakwa rangi ya kung'aa. Siku ya jua zinafanya kazi. Siku ya mvua, ringi ya chuma laini inateleza kama sabuni, na umbali wa kusimama unaongezeka sana. Kagera ina misimu miwili ya mvua kwa mwaka, kwa hiyo hili siyo jambo la nadra. Ringi ya aluminiamu inashika vizuri zaidi ikilowa. Breki za diski zinashika vizuri kuliko zote, lakini pedi zake ndogo hazipatikani kwenye duka la kijijini.

Jirani zetu wa Burundi wana njia yao: kupanda, wengine hushikilia nyuma ya lori, kushuka, wanaachia. Umeshaiona kwenye video na labda ukacheka. Kila mwaka barabara inadai ada yake kwa mtindo huo. Mtu anayeshikilia lori anatafuta kwa hatari ileile nguvu ambayo gia ya meno 34 ingempa bure, na anayeachia mteremkoni hana breki ya kuiamini. Kwa hiyo tunapozungumzia gia na breki, tunazungumzia nani anarudi nyumbani.

Namba ndogo pembeni mwa tairi

Hapa ndipo wasafiri wengi hukwama, kwa hiyo soma taratibu.

Tairi la Phoenix limeandikwa 28. Tairi la baiskeli nyingi za barabarani za Ulaya nalo linaweza kuandikwa 28. Ukijaribu kubadilishana, halikai. Vilevile kuna tairi la 26 la baiskeli za milimani na 26 nyingine ya baiskeli za kizamani za Kiingereza, nazo hazilingani. Sababu ni ya kihistoria: zamani namba hiyo ilikuwa kipimo cha nje cha tairi lililojaa upepo, siyo cha ringi. Tairi nene kwenye ringi ndogo na tairi jembamba kwenye ringi kubwa vingeweza kupata jina moja.

Dawa yake ni namba ya pili, yenye tarakimu tatu baada ya kistari, inayopima kwa milimita kipenyo cha ringi pale tairi linapokalia. Phoenix na ndugu zake wote ni 635. Ile 28 ya Ulaya ni 622. Baiskeli ya milimani ya inchi 26 ni 559, na ile 26 ya Kiingereza ni 590. Tofauti ya 635 na 622 ni milimita 13 tu, lakini katikati ya msitu milimita hizo ni sawa na kilomita 50 za kutembea.

Hiyo 559 ina hadithi yake. Mwaka 1933 kampuni ya Schwinn ya Chicago ilianza kuuza baiskeli zenye matairi manene ya inchi 26 kwa ajili ya vijana. Miaka ya 1970 kundi la wapenda baiskeli wa kaunti ya Marin, California, waliokota zile kuukuu na kuanza kuteremkia nazo milimani. Mmoja wa waliotengeneza fremu mpya kwa ajili hiyo alikuwa Tom Ritchey. Mwaka 1981 Specialized wakaanza kuuza Stumpjumper kwa wingi, na ndani ya miaka 20 viwanda vya Taiwan na Uchina viliisambaza baiskeli ya inchi 26 dunia nzima. Huku kwetu zilifika kama mpya za bei nafuu na kama mitumba ya kontena, tukaziita baiskeli za gia. Ndipo wasafiri wa Cairo hadi Cape Town walipoanza kusisitiza inchi 26: walijua wakipasua tairi Sudan au Tanzania, watapata jingine.

Ritchey mwenyewe alikuja kufika upande wa pili wa Mto Kagera. Mwaka 2005 alitembelea Rwanda, akaona wakulima wanabeba kahawa kwa baiskeli za mbao na za chuma zisizo na gia. Kahawa ikishachumwa, saa zinahesabika kabla haijaharibika ladha, kwa hiyo kuchelewa njiani ni kupoteza bei. Akasanifu baiskeli ndefu ya mizigo yenye gia. Juhudi zilezile zikazaa timu ya mbio ya Rwanda. Adrien Niyonshuti akashiriki Olimpiki ya London 2012 kwenye baiskeli za milimani, na Septemba 2025 Kigali ikawa mji wa kwanza Afrika kuandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani.

Lakini tangu miaka ya 2010 watengenezaji wakubwa wameiacha 559 kwenye baiskeli za bei ya juu, wakahamia 584 na 622. Maana yake ni kwamba baiskeli ya kisasa unayoiona kwenye tovuti inazidi kuachana na mafundi walioko kati ya Rusumo na Biharamulo.

Basi uchague vipi?

Anza na gurudumu. Kabla ya kununua chochote, tafuta mtu anayepita njia unayotaka, au pita mwenyewe na basi, uangalie matairi yaliyotundikwa kwenye vibanda vya mafundi pale Benaco, Nyakahura, Lusahunga. Utakachokiona kimetundikwa ndicho njia inachokijua. Ukiona 635 na 559, chagua mojawapo. Ukitaka 622, sawa, ila beba tairi zima la akiba na usitegemee kununua njiani.

Pili, gia. Njia ya tambarare, kama sehemu kubwa ya Shinyanga ambako baiskeli hubeba abiria kama daladala, Phoenix inatosha kabisa. Ngara haitoshi ukiwa na mzigo, isipokuwa umekubali kukokota. Kama umekubali, hiyo nayo ni safari halali, hesabu tu muda wako vizuri. Kama hujakubali, hesabu meno: gia ndogo ya mbele iwe na meno machache kuliko kubwa ya nyuma. Huhitaji gia 30. Unahitaji moja ndogo ya kweli.

Tatu, breki na ringi. Ringi za aluminiamu, breki za waya zenye mipira mirefu, na waya wa akiba mfukoni. Hizo fundi yeyote anazirekebisha.

Nne, fremu. Chuma kina sifa moja ya ajabu: ukikipinda kidogo chini ya kiwango fulani, kinaweza kuvumilia karibu milele. Aluminiamu haina kiwango hicho, kila mtikisiko unaiongezea uchovu, kwa hiyo watengenezaji huifanya iwe nene ili idumu. Zote mbili zinafika Mwanza. Tofauti ni siku ikivunjika: chuma kinachomelewa na mchomeleaji wa mageti, aluminiamu inahitaji mtaalamu na vifaa maalumu. Kama baiskeli ni mtumba, pitisha kidole chini ya maungio ya fremu na kwenye mizizi ya foku. Rangi iliyopasuka kama uzi ni dalili ya ufa.

Tano, gurudumu la nyuma. Spoku 36 au zaidi, zote zikazwe sawa. Zipige kwa kijiti usikilize: zikitoa sauti zinazokaribiana, fundi ameifanya kazi. Ukisikia moja imelegea, nyingine zinabeba mzigo wake, na zitaanza kukatika moja baada ya nyingine.

Kuna pia njia ya katikati. Shirika la World Bicycle Relief, lililoanza 2005 baada ya tsunami ya Bahari ya Hindi, lilisanifu Buffalo, baiskeli nzito ya chuma ya gurudumu la inchi 26 na keria ya kubeba kilo 100, baada ya kuona baiskeli za kawaida zinavunjika vijijini. Ni mfano mzuri wa wasanifu waliokwenda kwanza kuangalia barabara, ndipo wakachora.

Kwa safari yetu ya Murukulazo mpaka Mwanza, mimi ningechukua mtumba wa baiskeli ya milimani ya miaka ya 1990: chuma, inchi 26, bila springi mbele, gia tatu mbele. Ningeifunga keria ya Phoenix nyuma. Msafiri wa Ulaya ataitambua, na fundi wa Lusahunga naye ataitambua.

Kinachoweza kupotea

Kuna jambo moja la mwisho ambalo hakuna mwongozo wa intaneti utakaokuambia. Baiskeli unayoweza kusafiri nayo inategemea watu ambao huwajui bado. Miaka ya 2000, katika misitu ya Biharamulo, magari yalikuwa yanasindikizwa na polisi kwa sababu ya majambazi. Hali imebadilika, lakini inakukumbusha kwamba kuharibikiwa mahali pasipo na mtu kuna gharama zaidi ya kuchelewa. Kila kibanda cha fundi barabarani kinafupisha umbali huo wa upweke.

Na vibanda hivyo vinapungua. Pikipiki za Kichina na Kihindi zilipomiminika, abiria na mizigo vilihamia huko, na kijana anayejifunza ufundi leo anajifunza pikipiki. Simlaumu, ndiko hela iliko. Lakini fundi mmoja akifunga kibanda, tairi la 635 linatoweka pale, na anayekwenda zahanati au shuleni kwa Phoenix ya babu yake anapata shida muda mrefu kabla ya mtalii kuipata.

Kwa hiyo ukiwa njiani, hata kama una kila spana kwenye begi, simama. Mwamkie mzee, mwambie spoku ya nyuma inalia, mlipe akaze. Utapumzika kivulini, utajua mlima unaofuata ukoje, na utaacha hela mahali ambapo msafiri mwingine ataihitaji ile kazi.